Kahawia, jeupe au la bluu: kontena lipi ununue Mbeya, na ulipake rangi gani

Mwezi wa tano, mpunga wa Usangu ukiwa umeanza kushuka sokoni, mama mmoja wa Igurusi alifika karakana kwangu Uyole akiwa na picha tatu kwenye simu. Makontena matatu ya futi ishirini, yote yanauzwa hapa hapa jijini: moja la kahawia lililochoka, moja jeupe, moja la bluu linalong'aa kama limetoka kiwandani jana. Alitaka stoo ya mchele. Kidole kikatua kwenye jeupe.

"Fundi, mimi nimeshaamua. Jeupe halishiki joto."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Jeupe halishiki joto, au nadanganya?"

Hakuwa anadanganya. Sababu yake ilikuwa ya kweli, ila uamuzi wenyewe ungemtia hasara, na ilinichukua chai mbili kumweleza kwa nini.

Kazi yangu ni kukata na kuchomelea makontena yawe fremu za duka, stoo, ofisi, na mara chache kibanda cha mlinzi. Karibu kila mteja huanza na rangi, na siwalaumu, ndiyo inayoonekana kwanza. Tatizo ni kwamba hapo kuna rangi mbili na watu huzichanganya. Kuna rangi uliyolikuta nayo kontena, hiyo inakueleza lilikotoka. Halafu kuna utakayolipaka wewe, na hiyo ndiyo inayoamua litaishi vipi kwenye jua na mvua za huku kwetu. Anayechagua ya kwanza akidhani anachagua ya pili ndiye anayeumia.

Sare ya mwenye mali

Niondoe uvumi mmoja kwanza. Pale Mlima Nyoka nimewahi kumsikia utingo akimfundisha mwenzake kwamba kontena jekundu hubeba kemikali, la kijani chakula, la bluu nguo. Hakuna kanuni ya namna hiyo duniani. Mzigo wa hatari hutambulishwa kwa vibandiko vya pembe nne, vile vinavyosimama kwa ncha, na hubanduliwa mzigo ukishasafishwa ndani. Bodi lenyewe linabaki na rangi ile ile, leo limebeba mbolea, kesho vigae.

Rangi ni sare. Simama dakika ishirini kwenye njia panda ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu na Kasumulu inapoachana na ile ya Tunduma, utaona kampuni za meli zinapita moja moja. Ya kijani ni ya Evergreen ya Taiwan, yale yale yaliyorundikana juu ya meli iliyoziba mfereji wa Suez Machi 2021. Ya machungwa ni ya Hapag-Lloyd ya Ujerumani. Bluu iliyokoza ni CMA CGM ya Ufaransa, ya njano ni MSC, na yale ya kijivu chepesi yenye nyota nyeupe ndani ya mraba wa bluu ni Maersk. Kampuni inataka mtu wa kreni aone mali yake akiwa juu, na inataka tangazo linalotembea kutoka Dar hadi Lubumbashi bila kulipiwa.

Kwa mnunuzi, sare hiyo ina faida moja ambayo wengi hawaitumii: inakisia umri. Yale ya waridi kali, ambayo watoto wa barabarani huyaita ya kike, ni ya ONE, iliyozaliwa baada ya kampuni tatu za Kijapani kuunganisha biashara zao za makontena, ikaanza kazi Aprili 2018. Ukikuta la waridi katika rangi yake ya kiwandani, haliwezi kuwa la zamani sana. Mekundu ya Hamburg Süd ni kinyume chake. Maersk iliinunua kampuni hiyo 2017, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba jina hilo linaondolewa. Na ukikuta lenye jina la Hanjin, kampuni ya Korea iliyoanguka 2016, hapo huna haja ya kuuliza kama ni kijana au mzee.

Lakini kukisia ni kukisia tu. Umri halisi umeandikwa kwenye kibao cha chuma kilichopigwa ribiti mlangoni, ambako utakuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Rangi na kibao vikipishana, amini kibao. Na kibao kisipokuwepo, uliza kimekwenda wapi.

La kahawia

Sasa turudi kwenye picha za mama. Lile la kahawia halikuwa na jina la kampuni ya meli, na yeye aliliona kama yatima. Kumbe karibu nusu ya makontena ya dunia si mali ya meli inayoyabeba, ni ya kampuni za kukodisha kama Triton na Textainer. Hizo hupenda kahawia au maruni kwa sababu mbili. Kontena likikodiwa leo na huyu na mwakani na yule, halitakiwi kuvaa sare ya mtu. Na rangi hiyo inatokana na oksaidi ya chuma, ndugu wa red oksaidi tunayopaka mageti: ni ya bei nafuu na haipauki ovyo. Jekundu la kung'aa baada ya miaka linageuka kama nyama iliyochemshwa. Kahawia linabaki kahawia.

Hapo ndipo uzuri wake na ubaya wake vinapokaa pamoja. Kahawia halidanganyi kwa kujipamba, ila hudanganya kwa kunyamaza, kwa sababu kutu nayo ni kahawia. Kwenye picha ya simu huwezi kutenganisha rangi na ugonjwa. Lazima uende, uweke kiganja. Kutu ya juu juu inaacha vumbi jepesi mkononi, na hiyo si ya kuogopa sana: bati la kontena ni chuma cha aina ya corten, kinachojitengenezea gamba la kutu linalopunguza kasi ya kutu nyingine. Kutu mbaya ni ile inayovimba na kutoka kwa maganda kama mkate wa jana. Ukiigonga kwa nyundo ndogo inalia "pu" badala ya "teng". Kumbuka bati la ubavuni lina unene wa milimita 1.6 hadi 2 tu, na maganda mawili matatu yakidondoka hakuna kilichobaki.

Sehemu za kugonga ni chini, sio juu: reli ya chini ya ubavu, pembe za chini, na kizingiti cha mlango. Kisha ingia, mwambie mwenzako afunge milango, subiri macho yazoee giza. Ukiona nyota, hilo ni anga, si kontena.

Jeupe

Jeupe ndilo linalohitaji maneno mengi. Mengi ya meupe unayoyaona yakishuka Kitonga ni ya baridi: yanabeba samaki na dawa, na siku hizi parachichi za Njombe na Rungwe zinazokwenda bandarini. Yamepakwa nyeupe kwa sababu ile ile ya mama: nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya jua, na mashine ya kupoza haisumbuki sana. Mpaka hapo mama ana haki.

Lakini kinacholinda baridi ndani si rangi, ni ukuta. Kontena la baridi lina ngozi mbili, na katikati kumejazwa povu gumu la poliyurethani. Sakafu yake si plaiwudi, ni reli za alumini zilizochongwa kama herufi T ili hewa ipite chini ya mzigo. Linganisha na la kawaida la futi ishirini: la kawaida lina uzito wa tani 2.2 au 2.3 hivi likiwa tupu, na ndani kuna mita za ujazo kama 33. La baridi linakaribia tani 3, na nafasi ya ndani inashuka hadi kama 28. Unalipia usafiri wa chuma kizito zaidi ili upate chumba kidogo zaidi.

Halafu kuna upande wa nyuma, ambao wauzaji hawaupigi picha. Pale ndipo mashine ilipokuwa. Likiuzwa bila mashine, kuna shimo kubwa la kuzibwa kwa bati na povu. Likiuzwa na mashine, nayo ni mbovu mara nyingi, na hata ikiwa nzima inataka umeme wa njia tatu.

Kwa fundi, ni kazi ya adhabu. Kontena la kawaida nakata dirisha kwa grainda asubuhi, jioni fremu imeshakaa. La baridi ukipeleka moto wa kuchomelea kwenye ngozi yake, povu linaungua na kutoa moshi wenye sumu, sianidi ikiwemo, na moto unaweza kutembea ndani ya ukuta usiuone mpaka umechelewa. Mimi hukata kwa msumeno, nakwangua povu pembeni, kisha ndiyo nachomelea, maji yakiwa karibu. Hiyo yote inaingia kwenye bei yako.

Na kwa mchele? Chumba kisichopumua. Gunia lililoingia na unyevu kidogo linabaki na unyevu wake, na harufu yake. La baridi lingemfaa mtu wa chumba cha maziwa, au anayetaka ofisi isiyoganda mwezi wa saba kule Makete. Kwa huyo ningesema chukua, hata kwa bei ya juu.

Tahadhari: si kila jeupe ni la baridi. Kijivu chepesi cha Maersk kikipigwa jua miaka kumi kinaonekana cheupe kwenye picha, na zipo kampuni zinazopaka makontena ya kawaida rangi nyepesi. Angalia herufi ndogo chini ya namba kubwa mlangoni. 22G1 ni la kawaida la futi ishirini. 22R1 ni la baridi. 45G1 ni la futi arobaini refu, lile la haikyubu lenye kimo cha mita 2.9, ambalo pia hulijua kwa michirizi ya njano na nyeusi kwenye pembe za juu. Michirizi hiyo, kwa njia, ndiyo rangi pekee kwenye kontena ambayo kweli ni onyo: inamwambia dereva aangalie kimo chake kabla ya daraja.

La bluu linalong'aa

Hili nitalimaliza haraka kwa sababu lilinipata mwenyewe. Miaka michache nyuma nilimnunulia mteja kontena la bluu mbichi kwa dalali mmoja, rangi bado inanukia. Nilikuwa na haraka, na bluu ile ilikuwa nzuri, nakiri. Mvua za Novemba zilipofunguka mteja akanipigia: maji yanaingia ubavuni, si juu. Nikaenda na bisibisi, nikakwangua chini karibu na pembe. Juu bluu, chini yake puti ya gari, chini ya puti hewa. Tundu la kupitisha kidole lilikuwa limezibwa kwa puti na gazeti, likapakwa, likauzwa.

Tangu siku hiyo natembea na sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Naipitisha polepole kwenye mbavu za chini. Inaponata pana chuma. Inapoteleza pana puti. Inagharimu bure, na sijaona dalali anayeipenda.

Rangi mpya si dhambi. Kampuni ikiuza kontena lake lililozeeka, kawaida huziba nembo na namba zake, na hapo mabaka ya rangi ni jambo la kutarajiwa. Ninachosema ni kwamba kati ya kontena la kahawia lenye mabaka ya kutu yanayoonekana na la bluu lisilo na hata mkwaruzo mmoja, bei ikiwa sawa, nachukua la kahawia. Makontena yanabebwa kwa kreni, yanagongana, yanavutwa kwa forklifti. Lisilo na mkwaruzo limefichwa kitu, au ni jipya kweli, na jipya kweli lina bei yake.

Herufi kabla ya rangi

Kuna jambo jingine ambalo rangi mpya huweza kulificha, nalo ni zito kuliko kutu. Kila kontena la safari lina namba ya herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mmiliki, ya nne karibu siku zote ni U. Zinafuatwa na tarakimu sita, kisha moja iliyowekwa ndani ya kiboksi, ambayo hukokotolewa kutoka kwa nyingine zote ili kunasa kosa la kuandika. MSCU ni MSC, CMAU ni CMA CGM, HLXU ni Hapag-Lloyd. Daftari la herufi hizo linatunzwa na shirika la BIC lililoko Paris, lililoanzishwa 1933, na mtu yeyote anaweza kutafuta mwenye herufi kwa simu.

Namba hiyo imeandikwa mlangoni, ubavuni, nyuma, juu ya paa na mara nyingi ndani. Anayepaka kwa nia njema huziba za nje. Linganisha hali mbili. Kontena lenye nembo na namba kamili za kampuni ya meli, muuzaji hana karatasi: hilo huenda bado ni mali ya watu, linapaswa kurudi Dar likiwa tupu, na mwenyewe anahesabu siku. Kontena lililozibwa namba nje, lakini ndani namba ipo na inalingana na karatasi ya mauzo: hilo ndilo la kununua. Uliza pia karatasi ya forodha. Kontena likiingia na mzigo huhesabiwa kama chombo cha kubebea, si bidhaa. Likibaki nchini kuuzwa, ushuru unahusika, na hutaki kuwa wewe wa kuulizwa.

Mama aliniuliza kama mambo hayo yote ni kwa sababu ya stoo ya mchele. Nikamwambia ndiyo, na kwa stoo ya mchele kuna moja zaidi: sakafu. Ni plaiwudi ya milimita 28 hivi, na mbao zake hutiwa dawa ya wadudu kiwandani. Kibao cha mlangoni hutaja dawa hiyo. Ukiingia ukasikia harufu kali, au ukaona doa la mafuta, usiweke chakula moja kwa moja chini. Mbao za Mafinga zipo, piga chaga, inua magunia.

Rangi utakayolipaka

Hapa ndipo hoja ya mama ya jeupe inaporudi, safari hii mahali pake. Ununue la kahawia, ulipake jeupe. Tofauti kati ya paa jeupe na paa la maruni saa saba mchana utaijua ukiliwekea mkono: moja unaliacha mkono juu yake ukiongea, jingine unauondoa kabla hujamaliza kusema.

Ila si kila mahali kwetu ni sawa, na nyanda za juu zinachekesha kwa hilo. Usangu kuanzia Igurusi, Chimala mpaka Ubaruku ni joto la kweli, na huko nasema paa jeupe na kuta nyeupe au krimu, bila mjadala. Jijini Mbeya tuko kwenye mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni baridi, lakini miale ya jua inayoharibu rangi huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo rangi huku hupauka haraka kuliko baridi yetu inavyokudanganya. Paa weka jeupe, kuta weka unayopenda, ila ujue nyekundu na waridi zitakuwa za kwanza kuchoka.

Tukuyu ni habari nyingine. Mvua haiishi, na ukuta mweupe unaota ukijani upande usiopata jua. Chini unapigwa matope mekundu mpaka unaonekana umevaa soksi. Huko napaka kuta kijivu au kijani cha kati, na futi moja ya chini nalipaka kahawia iliyokoza ili matope yasionekane. Makambako na Njombe udongo ni ule ule mwekundu, fanya hivyo hivyo. Iringa na Isimani mvua ni kidogo. Krimu inatosha, na kila mwaka utaosha vumbi.

Watu wa Makete na Njombe huniuliza kama rangi nyeusi itawapa joto usiku. Haitawapa. Mchana ndiyo, nyeusi hula jua. Usiku rangi zote za kawaida, nyeupe na nyeusi, hutoa joto angani karibu sawasawa. Ukitaka joto la usiku tafuta silingi bodi na kitu cha kujaza katikati.

Na jasho vilevile. Asubuhi za Juni ukifungua kontena lililofungwa usiku kucha, paa kwa ndani lina matone kama sufuria iliyofunikwa. Hewa ya ndani yenye unyevu imegusa bati la baridi. Matone yanaanguka juu ya magunia na mwenye mali anasema paa linavuja. Hakuna rangi inayoponya hilo. Tazama juu, karibu na pembe za ubavu: kuna vifuniko vidogo vya plastiki, ukubwa wa kiganja, vyenye matundu chini. Hizo ndizo pua za kontena. Nimekuta fundi mwenzangu amezipaka rangi mpaka zimeziba, kazi safi kabisa kwa macho. Usikubali. Kwa stoo ya nafaka mimi huongeza madirisha mawili madogo ya hewa yenye wavu, moja chini mbele, moja juu nyuma.

Rangi gani ya kopo

Hapa ushindani ni kati ya rangi ya mafuta na epoksi. Ya mafuta inapatikana kila duka Mwanjelwa, inapakika kwa brashi, ukikosea unarekebisha kesho. Epoksi inakuja makopo mawili ya kuchanganya, inashika chuma kama imezaliwa nacho, lakini ukichanganya nyingi kuliko unavyoweza kupaka inakuganda ndooni, na ikiachwa juani bila koti jingine juu inatoa unga kama chaki. Kwa hiyo kwangu jibu si moja au nyingine. Epoksi iwe praima, yaani koti la kwanza la chini, ya mafuta au ya poliyurethani iwe juu. Mwenye bajeti ndogo, red oksaidi na ya mafuta juu yake vinatosha, ila urudie mapema.

Mtego uko hapa: chini ya rangi ya kiwandani mara nyingi kuna praima ya zinki, kijivu. Grainda ikiifunua, usipake ya mafuta moja kwa moja juu yake. Mafuta na zinki havielewani, baada ya muda rangi inabanduka kwa shuka nzima. Funika kwanza kwa epoksi.

Wapo wanaosema mbona viwanda vya makontena vya China vilihamia rangi za maji kuanzia 2017, basi nipake ile ya ukutani. Ile ni ya viwandani, imetengenezwa kwa chuma. Ya ukuta wa nyumba juu ya bati la kontena ni kutupa pesa. Na fundi akikuambia anapunguza rangi kwa petroli badala ya tina, mpe nauli arudi.

Kipimo: kontena la futi ishirini, ukihesabu mikunjo ya bati, lina kama mita za mraba 70 za nje. Ndoo ya lita 20 inatosha koti mbili, na inabaki ya kuziba mikwaruzo. Kipindi cha baridi usianze kabla ya saa nne asubuhi, bati huwa na umande hata kama hauuoni, upitishie kiganja. Simamisha kazi saa tisa alasiri, ili rangi ikauke kabla umande haujarudi.

Kuna watakaokuja kukupakia bure kwa rangi ya kampuni ya simu au soda. Linganisha vizuri. Unapata rangi na pengine kibao cha jina la duka. Unapoteza uhuru wa kuchagua, mara nyingi wanapaka juu ya kutu bila hata brashi ya waya, na ukuta wako unakuwa tangazo, ambalo unaweza kudaiwa ada yake. Kwa fremu ya duka barabarani nakubali, mradi wewe mwenyewe umeshapiga msasa na praima. Kwa stoo, hapana.

Mama wa Igurusi alichukua la kahawia. Tulienda naye, tukagonga, tukafunga milango, hatukuona nyota. Paa na kuta nikapaka jeupe, chini futi moja ya kahawia, pua nikaziacha wazi na kuongeza madirisha mawili. Siku ya mwisho akasimama mbele, akaliangalia muda mrefu, akaniambia mlango wa mbele niupake kijani.

"Kwa nini kijani, mama?"

"Pale kwetu kuna makontena meupe manne barabarani. Dereva wa fuso akinipigia saa nane usiku, nitamwambiaje?"

Nikaenda Mwanjelwa kununua lita moja ya kijani.